Nyota, mabati na neno moja gumu: interferometria ya ukali

Kwa kazi yangu ya istilahi mwaka huu nilichagua neno ambalo wenzangu wa kitivo walilicheka: interferometria ya ukali. Wanafizikia wetu hulisoma kwa Kifaransa na kuendelea na safari. Mimi nitaanza na jambo lenyewe, ndipo nirudi kwenye neno.

Nyota huonekana kama nukta hata ukitumia darubini kubwa. Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, ina upana wa takriban sehemu 6 za elfu za sekunde moja ya pembe, na duara zima lina sekunde hizo 1,296,000. Mwaka 1920, huko Mount Wilson, Marekani, Betelgeuse ilipimwa kwa kukutanisha miale miwili ya mwanga wake. Njia hiyo ni ngumu: safari za miale hiyo lazima zilingane kwa kiasi kilicho chini ya sehemu ya elfu ya milimita, na hewa ikitikisika kidogo kipimo kinavurugika.

Robert Hanbury Brown na Richard Twiss waliwaza vingine. Waliacha miale bila kuikutanisha, wakalinganisha kupanda na kushuka kwa ukali wa mwanga katika darubini mbili. Msomaji afikirie mvua juu ya nyumba mbili za mabati. Mvua huja kwa mapigo, mara inazidi, mara inapungua. Nyumba zikiwa jirani, kelele hupanda na kushuka pamoja. Zikiwa mbali, kila bati lina kelele yake. Ukipima umbali ambapo mapigo yanaacha kufanana, umejua ukubwa wa vipande vya mvua. Mwanga wa nyota nao hufika ardhini kwa vipande vya namna hiyo, vya muda mfupi mno. Kwa lugha ya fotoni, fotoni hufika mbili mbili mara nyingi kidogo kuliko bahati tupu ingeruhusu.

Ila mfano wa mvua una mpaka. Kwa mwanga, nyota ikionekana pana zaidi, vipande vinakuwa vidogo zaidi; nyota ikiwa finyu, vipande vinapanuka. Ndiyo maana anayetaka kupima nyota finyu hutenganisha darubini zake. Kwa mwanga wa buluu, mita 100 zinatosha kutambua upana ulio chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde ya pembe.

Mwaka 1956 walipima Sirius kwa vioo viwili vya kurunzi kubwa za jeshi. Ubishi ukazuka: fotoni mbili zilizotoka kwenye atomu tofauti zitafikaje pamoja? Wengine waliandika kwamba, kama ni kweli, mekanika ya kwanta itabidi irekebishwe. Mwaka huohuo Edward Purcell alionyesha kwamba hakuna mgongano wowote. Baadaye, huko Narrabri, Australia, vioo viwili vya mita 6.5 vilivyotembea juu ya reli ya duara vilipima nyota 32. Kisha njia hii ikalala miaka mingi, kwa kuwa inadai mwanga mwingi sana.

Walioiamsha ni watafiti wa mionzi ya gama. Mionzi hiyo ikigonga hewa huzaa chembe nyingi zinazokimbia kuliko mwanga unavyokimbia ndani ya hewa, na hapo hutokea mmweko wa buluu wa nanosekunde chache. Darubini za kunasa mmweko huo ni kubwa, zimetengana makumi ya mita au zaidi, na zina vipokezi vya kasi. Vioo vyake havikusuguliwa kwa ustadi wa vioo vya wanaastronomia wengine, lakini hapa si tatizo: katika nanosekunde moja mwanga husafiri sentimita 30, kwa hiyo kosa la sentimita chache linavumilika. Tena usiku wa mbalamwezi kali kazi ya gama hudorora, na darubini zinabaki bure. Basi mwezi Desemba 2019 darubini nne za VERITAS, huko Arizona, kila moja mita 12, zilipima Beta Canis Majoris na Epsilon Orionis. Mwaka 2022 darubini za H.E.S.S. za Namibia, hapa hapa Afrika, zikafanya kazi ya aina hiyo. Kinachopimwa, tusichanganye, ni mwanga wa kawaida wa nyota. Gama imetuazima darubini tu.

Sasa neno. "Nguvu" tayari ina kazi nyingi katika fizikia, na "mwangaza" unaelekeza kwenye kile jicho linachokiona. Nimebaki na "ukali". Tatizo ni "interferometria", na hata "mwingiliano wa mawimbi" unaopendekezwa na baadhi yetu, maana unamfanya mwanafunzi aone miale ikikutana, wakati hapa zinakutana rekodi za umeme tu. Nilipendekeza "ulinganishi wa mapigo ya mwanga". Rafiki yangu wa fizikia alikataa: katika hesabu za kwanta, njia mbili ambazo jozi ya fotoni inaweza kuzipita huingiliana kweli, na jina langu linalificha hilo. Hoja yake ina uzito. Kwa hiyo katika faharasa nimeandika "interferometria ya ukali", na "ulinganishi wa mapigo" nimeuweka ndani ya maelezo, pale mwanafunzi anapoanza kusoma.