Pindo Lililokataa Kukutana



Tulikutana Karen, kusini-magharibi mwa Nairobi, nyumbani kwa dada yetu, ili tuchore kadi za mwaliko wa harusi ya bintiye. Tulitaka kadi ifanane na leso za kwetu Mombasa: mji katikati, pindo pande zote, na jina chini ya mji. Upande mrefu wa pindo tuliujaza korosho 20, tukazipanga kwa jicho. Kwenye kompyuta zilionekana zimenyooka.

Ilipochapwa kadi ya kwanza, bibi aliweka kidole penye pembe, akasema, “Wanangu, pindo hili halikukutana.”

Alisema kweli. Haba na haba hujaza kibaba, na makosa ni vivyo hivyo: pengo la milimita 0.3 likirudiwa mara 20 huwa milimita 6.

Dawa yake ilikuwamo ndani ya Inkscape, programu ya bure tuliyokuwa tukiitumia. Ukibonyeza alama ya %, kishale huanza kunasa: kitu unachokiburura kikikaribia ncha, pembe au mstari, huvutwa kikaketi papo hapo. Hila hii si ngeni. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha programu yake Sketchpad, ambamo kalamu ya mwanga ilijishika yenyewe kwenye mstari uliokwisha kuchorwa.

Hata hivyo, tulipoamuru kishale kinase kila kitu, kilirukia tusikotaka. Basi tukachagua jambo moja tu: pembe kwa pembe. Tulikuza picha, kwa kuwa umbali wa kunasa hupimwa kwa nukta za kioo, na picha ikiwa ndogo vitu jirani hugombania kishale. Palipohitajika mkono huru, kama pale penye ua la katikati, tulishikilia kitufe cha Shift wakati wa kuburura, na kunasa kukasita.

Bibi alipitisha kidole tena juu ya kadi mpya, pembe zote nne, kisha akairudisha bila neno. Tukajua tumefaulu.

Nasi twawausia dada zetu: chapisheni moja kwanza, muikague, ndipo muagize mamia. Sisi tulipoteza kadi moja tu, alhamdulillahi.