Somo la Kumi na Mbili: Ini Livimbapo kwa Sababu ya Moyo

Leo twataka kujibu swali moja: yawezekanaje ugonjwa ukawa moyoni, na mtu akasikia maumivu kwenye ini?

Kwanza tuujue moyo. Kazi zake ni mbili: kukaza ili usukume damu, na kulegea ili uipokee. Wengi hukumbuka ile ya kwanza tu. Lakini kiriba kisichofunguka hakijai maji, hata kama hakina tundu.

Sasa, mwilini mna protini nyingi, na kila moja imekunjwa kwa umbo lake. Baadhi huharibika umbo, zikashikamana na kuwa nyuzi ndogo sana zisizoyeyuka. Nyuzi hizo huitwa amiloidi. Mwaka 1854 daktari Mjerumani, Rudolf Virchow, alitumia jina hilo akidhani ni namna ya wanga. Mwaka 1859 ilijulikana kwamba si wanga.

Amiloidi ikijikusanya katika kuta za moyo, kuta huwa nene na ngumu, mfano wa kiriba cha ngozi iliyokauka. Damu irudiyo kutoka mwilini haipati nafasi ya kutosha, hivyo husongamana katika mishipa. Nayo mishipa ya ini humwaga damu yake karibu sana na moyo. Kwa hiyo ini hujaa damu na kuvimba. Mgonjwa huona uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia. Miguu huvimba, tumbo huweza kujaa maji, na mishipa ya shingo husimama. Mara nyingine macho huwa manjano.

Hapa ndipo penye hatari. Mtu akiona tumbo na macho hayo, hudhani ini peke yake ndilo gonjwa. Hutibiwa ini miezi mingi, na huku moyo wazidi kuwa mgumu.

Tena, amiloidi yaweza kuingia katika ini lenyewe, hasa ile itokanayo na seli za uboho wa mifupa. Basi daktari hana budi kupambanua: ini hili limejaa damu, au limejaa amiloidi? Matibabu yake si mamoja.

Aina nyingine hutokana na transthairetini, protini ambayo hutengenezwa zaidi na ini. Ini latengeneza, moyo wadhurika, kisha dhara lairudia ini. Ndiyo sababu, tangu mwaka 1990, baadhi ya wagonjwa walioirithi aina hii walibadilishiwa ini. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha tafamidisi kwa ugonjwa huu wa moyo. Dawa hiyo huishika protini isiharibike umbo. Hupunguza mwendo wa ugonjwa, lakini haiondoi amiloidi iliyokwisha kukaa. Kwa hiyo kuwahi ni jambo kubwa.

Basi, ukiona miguu na tumbo vinavimba, na pumzi inakupaa kwa kazi ndogo, nenda hospitali, umwombe daktari akupime moyo pia. Mweleze kama viganja vyako vyote viwili vimekuwa vikifa ganzi, kwa maana ganzi hiyo huweza kutangulia miaka kadhaa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:
1. Kwa nini moyo mgumu hulivimbisha ini?
2. Kwa nini si vyema kutibu ini pasipo kupima moyo?