Chupa Iliyokaa Kabatini



Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya chakula kisichojulikana sana kwetu, na juu ya kosa nililolifanya mimi kwa sababu yake. Nalitaja waziwazi, kwani huenda likamfaa mwengine.

Mpwa wangu akaa Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, yeye na mkewe na watoto. Jirani yao ni bibi mzee, Mkristo. Mwaka jana, wakati wa kuchuma matufaha, bibi huyo aliwaletea chupa ya kitu kizito, rangi yake hudhurungi iliyokoza, chanukia mdalasini na karafuu. Juu yake aliandika kwa mkono wake kuwa ni siagi ya matufaha iliyopikwa kwa saida.

Mke wa mpwa wangu aliposoma neno saida alishtuka, kwani alikwisha kusikia kuwa saida ni ulevi wa matufaha. Chupa ikatiwa kabatini. Bibi naye kila akikutana nao huuliza: je, watoto wameipenda? Nao hawana la kujibu, hucheka tu na kupita. Hata ikawa wanaona haya kukutana na jirani mwema.

Mpwa wangu akaniuliza: "Mjomba, tufanyeje?" Nami bila ya kuuliza lolote nikamjibu: "Mrudishieni."

Usiku ule sikulala vyema. Nalijiuliza: Je, wewe mwalimu, wajua kitu hicho kimepikwa vipi? Sikujua. Asubuhi nikamwambia mpwa wangu asirudishe kitu kwanza, bali amwendee bibi na amwulize upishi wake kwa adabu. Bibi alifurahi mno kuulizwa.

Kwanza, siagi hii haina siagi. Haina maziwa wala mafuta. Imeitwa hivyo kwa kuwa hupakwa juu ya mkate kama siagi ipakwavyo. Tena tufaha hili si tofaa letu la pwani, bali ni lile la nchi za baridi, ambalo kwetu humea milimani, kama Lushoto na Njombe.

Pili, neno saida lina maana mbili. Kwa Waingereza ni kinywaji kilichochacha, nacho ni ulevi. Lakini Wamarekani huita saida maji ya matufaha yaliyokamuliwa sasa hivi, matamu, yasiyochacha. Na yakishachacha huyaita saida kali. Bibi alitumia yale matamu, aliyoyakamua siku ile ile.

Upishi huu waliuleta huko Wajerumani walioanza kuhamia Pennsylvania tangu mwaka 1683. Zamani ilikuwa kazi ya mtaa mzima. Jioni majirani hukutana kumenya matufaha na kuyakata vipande. Asubuhi maji ya matufaha hutiwa katika sufuria kubwa ya shaba, yakachemshwa hata yakapungua sana, kisha vipande vikatiwa kidogo kidogo. Tangu hapo mwiko hausimami. Ni mwiko wa mpini mrefu, ili mpishi asiunguzwe na moto, na watu hupokezana kutwa nzima. Ukiachwa kidogo tu, chini hushika na sufuria yote ikanuka moshi. Aliyepata kumwona mpishi wa halua, Unguja au Oman, ataifahamu kazi hii bila ya kuelezwa zaidi.

Kwa nini haiozi upesi? Kwa kuwa maji yamekwenda, na utamu na ukali wa tunda umebaki umekusanyika pamoja. Ni hekima ile ile ya asali ya tende ambayo ndugu zetu wa Uarabuni huila hata leo.

Nilipofika hapo nilikumbuka habari iliyomo katika Muwatta wa Imam Malik. Sayyidna Umar, Radhi za Mungu ziwe juu yake, alipokwenda Sham, watu walimletea maji ya zabibu yaliyopikwa hata thuluthi mbili zikaenda, ikabaki moja. Alitia kidole chake, akakitoa, kile kitu kikavutika kwa uzito. Akawaruhusu kukinywa. Sahaba mmoja alipomwambia kuwa amekihalalisha, aliapa na kumshuhudisha Mwenyezi Mungu kuwa yeye hawahalalishii watu alichokiharimisha Yeye, wala hawaharimishii alichokihalalisha.

Tazameni: alitia kidole kwanza, kisha ndipo akasema. Mimi nalisema bila ya kukiona kitu. Twaogopa sana kuhalalisha haramu, na ni haki yetu kuogopa. Lakini kuharimisha halali nako ni kumsingizia Mola wetu. Wala simwambii mtu ale kila kitu. Maji yakishakuwa ulevi hayahalaliki kwa kupikwa katika madhehebu yetu ya Shafii. Basi ulizeni.

Kwa atakaye kujaribu nyumbani: chukua matufaha kilo 2, yakate, tia vikombe 2 vya maji, uyapike hata yalainike, kisha uyapitishe katika chujio. Tia sukari robo kilo, mdalasini kijiko kidogo 1 na karafuu ya unga nusu kijiko. Pika kwa moto mdogo muda wa saa 2 au zaidi, ukikoroga. Ukitaka kujua kama imeiva, weka kidogo juu ya sahani baridi: ikiwa maji hayatoki pembeni, imeiva. Itie katika chupa zilizochemshwa, na uiweke katika friji. Matufaha yaliyoanguka chini au yenye alama hufaa pia, baada ya kuondolewa palipooza. Nayo ni njia ya kuepuka israfu.

Ama ile chupa, ilifunguliwa Ijumaa asubuhi, na kabla ya Ijumaa ya pili ilikuwa tupu. Mke wa mpwa wangu aliiosha, akaijaza jamu ya mananasi aliyoipika mwenyewe, akampelekea bibi. Na watoto ndio waliobisha hodi.

Wabillahi tawfiq.