Kwenda Tokyo Karibu, Kurudi Hong Kong Mbali

Chukua mfano wa ratiba ya majira ya baridi. Ndege inaondoka Hong Kong saa 4:00 asubuhi na kutua Tokyo saa 9:00 alasiri. Siku ya kurudi inaondoka Tokyo saa 4:00 asubuhi, inafika Hong Kong saa 8:00 mchana. Mwenye haraka atasema kwenda ni saa tano, kurudi saa nne. Kumbe ni kinyume chake. Tiketi huandika saa za kila mji kama zinavyosomeka pale pale, na Tokyo iko mbele ya Hong Kong kwa saa moja. Ipunguze katika safari ya kwenda, iongeze katika ya kurudi, utapata nne na tano.

Umbali ni ule ule, takriban kilomita 2,900 ukipima njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Ndege kubwa ya abiria hukata hewa kwa kilomita 870 hivi kwa saa, kwa hiyo hesabu ya darasani inatoa saa tatu na dakika ishirini. Lakini hewa nayo inatembea. Upepo wa kilomita 150 kwa saa ukisukuma kutoka nyuma, safari inashuka hadi chini ya saa tatu. Ukipiga usoni, inapanda hadi nne. Muda wa tiketi huwa mrefu zaidi, kwa sababu huhesabiwa tangu ndege inapoacha maegesho hadi inaposimama tena, pamoja na foleni ya kuruka na mizunguko ya kusubiri kutua.

Anga ya Japani ina mojawapo ya mikondo ya upepo yenye nguvu kuliko yote duniani. Wakati wa baridi, hewa ya barafu kutoka Siberia hukutana na hewa ya joto ya Pasifiki, na tofauti hiyo huzaa upepo unaotoka magharibi, unaoisukuma ndege iendayo Tokyo na kuipinga inayorudi, ambao kiini chake, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, mara nyingi huzidi kilomita 300 kwa saa. Mjapani Wasaburo Ooishi aliupima katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo na kuyafuatilia kwa darubini. Mwaka 1926 akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, akitumaini dunia nzima itasoma. Waliosoma walikuwa wachache mno. Novemba 1944 marubani wa Marekani waliorusha ndege za B-29 juu ya Tokyo walikumbana na upepo huo, na mabomu yao mengi yakaangukia kusikokusudiwa.

Majira ya joto mkondo huo hulegea na kusogea kaskazini, na tofauti kati ya kwenda na kurudi hupungua. Kwa mtu wa pwani anayejua kaskazi na kusi, hilo si geni.

Kwa hiyo tovuti inayokupa kilomita na saa kwa pamoja, bila kutaja mwelekeo wala mwezi, imekupa nusu ya jibu. Wapangaji wa safari wenyewe hawashikilii mstari mfupi. Kompyuta zao husoma utabiri wa upepo, na ndege inayorudi Hong Kong huweza kupangiwa kimo kingine au kupindishwa kusini kukwepa kiini cha mkondo. Inaongeza kilomita, inafika mapema.