Maumivu Yanayobaki Baada ya Jeraha: Kazi ya Mwanafunzi Mtafiti, Kutoka Maabara hadi Makere

Maumivu ni mlinzi wa mwili. Anayekanyaga kaa la moto huondoa mguu kabla hajafikiri, na kifundo kilichoteguka huuma ili kipumzishwe mpaka kipone. Lakini yako maumivu yanayobaki hata baada ya jeraha kufunga. Yakidumu au yakirudiarudia kwa zaidi ya miezi 3, huitwa maumivu sugu. Shirika la Afya Duniani liliyapa nafasi yake katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Kwa hatua hiyo ilikubaliwa kwamba maumivu huweza kuwa maradhi yenyewe, si dalili ya maradhi mengine tu.

Sababu yake imo katika mfumo wa neva. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya ugwemgongo, yaani shina la neva lipitalo katika uti wa mgongo, mna kitu mfano wa lango. Lango hilo huweza kupunguza au kuongeza taarifa za maumivu ziendazo kwenye ubongo. Mwaka 1983, Clifford Woolf alionyesha kwa majaribio ya panya kwamba baada ya jeraha, chembe za neva za ugwemgongo huwa nyepesi mno kuamka. Hali hiyo ikidumu, mguso mdogo huweza kuuma kama pigo. Ndiyo maana picha ya eksirei huweza kuwa safi, na mgonjwa akawa anaumia kweli.

Afrika Mashariki nayo imechangia elimu hii. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Titus Kanui na wenzake walichunguza fuko wasio na manyoya, wanyama waishio chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1990 yalionyesha kwamba mofini haikuwapunguzia fuko hao maumivu ya joto. Mwaka 1993 ikaonekana kwamba mofini hiyohiyo, na hata parasetamoli, iliwapunguzia maumivu yaliyosababishwa na fomalini. Fundisho lake ni kubwa: maumivu si kitu kimoja, wala kipimo kimoja hakitoshi kuyaeleza.

Fundisho hilo ndilo analoanza nalo mwanafunzi wa shahada ya uzamili au uzamivu katika fani hii. Malaria hupimwa kwa tone la damu, na shinikizo la damu kwa mashine. Maumivu hayana mashine. Chombo chake kikuu ni maneno ya mgonjwa. Mwaka 1975, Melzack alitoa dodoso lililopanga katika makundi maneno ambayo wagonjwa huyatumia kueleza maumivu yao, lakini maneno hayo yalikuwa ya Kiingereza. Hivyo sehemu kubwa ya miaka ya mwanafunzi hupita katika tafsiri. Mtu mmoja hutafsiri dodoso kwa Kiswahili, mwingine asiyeliona la awali hulirudisha katika Kiingereza, kisha wagonjwa huulizwa walivyoelewa kila swali. Kabla ya kumhoji mgonjwa wa kwanza, andiko la utafiti hupita kwa wasimamizi na kwa kamati ya maadili. Mara nyingi huhitajika pia kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Miezi hupita, na fedha za kujikimu hazisubiri.

Uzito wa kazi hiyo huonekana vizuri pale utafiti unapopelekwa mahali kama Makere, kata ya Wilaya ya Kasulu iliyo kando ya barabara iendayo Kibondo, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Huko watu hulima kwa jembe la mkono, wakibeba maji na kuni kwenye miinuko. Wenyeji husema Kiha, na katika kambi ya jirani ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, husikika Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Mama akisema mguu “unawaka moto” na “umekufa ganzi”, maneno hayo huelekeza kwenye neva iliyoathirika. Akisema mgongo “unakaza” baada ya kuinama shambani, huenda chanzo ni misuli. Dodoso likiyaandika yote “maumivu makali”, tofauti hiyo hupotea, na pamoja nayo tiba inayofaa.

Tofauti hiyo si ya kitabuni tu. Maumivu ya neva mara nyingi hayatulizwi na parasetamoli wala diklofenaki, bali huweza kupungua kwa dawa kama amitriptilini ya kiwango kidogo, ikitolewa na tabibu. Diklofenaki ikitumiwa muda mrefu huweza kudhuru tumbo na figo. Kwa maumivu sugu ya mgongo yasiyo na dalili za hatari, kuendelea kujongea taratibu husaidia kuliko kulala kitandani.

Kwa mhudumu wa zahanati, mambo matatu hayahitaji mashine: kuuliza maumivu yanafananaje, yameanza lini, na yamemzuia mgonjwa kufanya nini. Mgonjwa mwenye udhaifu wa miguu, anayeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, mwenye homa au aliyekonda bila sababu apewe rufaa mapema. Mwanafunzi anayekutana na dalili hizo katikati ya mahojiano hufunga dodoso kwanza na kuhakikisha mgonjwa anafika kwa tabibu.

Kwa mgonjwa, kusema kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa lugha ya nyumbani, ni sehemu ya uchunguzi. Mwaka 2020, Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu ilisisitiza kwamba mtu akieleza kuwa anaumia, maelezo yake yaheshimiwe. Kumwambia “huna kitu” kwa sababu picha ni safi ni kumrudisha nyumbani na maradhi aliyokuja nayo.