Ruta ya nyumbani Jinja na Mbale: lipia laini na umeme kabla ya kasi

Ukiingia duka la simu pale Main Street, Jinja, au Naboa Road, Mbale, ukaulizia ruta ya nyumbani, muuzaji ataanza na namba kubwa kuliko zote juu ya boksi. Mara nyingi ni 300, au 1200, megabiti kwa sekunde. Namba hiyo ni ya waifai: kasi ambayo ruta na simu zinaweza kuzungumza zikiwa chumba kimoja, tena katika hali ambayo nyumba ya kawaida haiipati. Haisemi lolote kuhusu intaneti inayotoka mnarani. Ruta ya 4G iliyoandikwa Cat 4 inaishia megabiti 150 hata mtandao uwe mzuri vipi. Ya Cat 6 inafika 300. Na saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa umeshuka kwenye mnara mmoja, utakachopata ni sehemu ndogo tu ya hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu nautoa mapema. Pesa ya kwanza iende kwenye ruta inayokubali laini yoyote, ya pili kwenye umeme, ya tatu kwenye antena kama nyumba yako inaihitaji. Kasi ya waifai iliyoandikwa kwenye boksi isubiri zamu yake.

Tuanze na laini. Kampuni za simu huuza ruta zenye nembo zao kwa bei ya kuvutia, pengine na bando la mwezi wa kwanza juu yake. Bei hiyo ni nafuu kwa sababu kifaa mara nyingi kimefungwa kisipokee laini ya mtu mwingine. Tuseme ruta iliyofungwa ni shilingi 80,000 na iliyo huru ni 200,000. Tofauti ni 120,000. Kama kampuni nyingine inauza bando la ukubwa uleule kwa shilingi 20,000 pungufu kila mwezi, tofauti hiyo imerudi ndani ya miezi sita, na kuanzia mwezi wa saba aliyenunua ya bei rahisi ndiye anayelipa zaidi. Namba hizi ni za mfano; weka za dukani siku unayonunua ufanye hesabu mwenyewe. Usiishie kwenye bei ya kifaa, maana kifaa unakilipia mara moja, bando unalilipia kila mwezi, na tangu Julai 2021 ndani ya kila bando hapa Uganda mna ushuru wa asilimia 12 uliochukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, mbali na VAT ya asilimia 18.

Na bando linakwisha wapi? Kwenye video. Filamu ya ubora wa kawaida hula karibu gigabaiti moja kwa saa, na ile ya HD huweza kufika tatu. Watoto wakitazama saa mbili kila siku kwa ubora wa kawaida, hizo ni gigabaiti 60 kwa mwezi kabla baba hajafungua barua pepe. Ruta yenye uwezo wa kuwekea kila kifaa kikomo cha kasi au saa za kutumia itakuokolea pesa nyingi kuliko antena nne za mapambo. Muulize muuzaji akufungulie ukurasa wa mipangilio uone kama kipo. Akisema hana muda, nenda duka la pili.

Uhuru wa laini una faida nyingine Mbale. Mji umeegemea ukuta wa Wanale, na mawimbi ya simu hayapendi milima. Mtu akihama kutoka Indian Quarters kwenda Nkoma, au akijenga kuelekea Busiu, laini iliyokuwa ikikimbia inaweza kulegea kabisa, huku ya kampuni nyingine ikiwa na mnara karibu. Mwenye ruta huru anabadilisha laini tu. Mwenye iliyofungwa anaanza kutafuta fundi wa kuifungua, na kazi hiyo ikiharibika kifaa huwa hakirudi.

Kabla ya kununua chochote, azima simu mbili tatu zenye laini tofauti, uzipeleke hasa mahali utakapoiweka ruta, na upime jioni. Mchana haukupi picha. Ukishapata ruta, kuna namba moja inayofaa kuliko vile vijiti vya mtandao: nyingi za Huawei hufunguka kwa kuandika 192.168.8.1 kwenye kivinjari, na ndani yake, kwenye taarifa za kifaa, utaona RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayoifikia ruta. Ikisoma -85 uko vizuri. -100 inavumilika. Ikishuka kupita -110, hakuna ruta ya bei yoyote itakayokufurahisha hapo ilipo. Isogeze dirishani, upande unaotazama mnara, usome tena. Paa la mabati hurudisha mawimbi, na zile nyumba za zamani za Jinja zenye kuta nene huyameza, hasa ya masafa ya juu kama megahezi 2600. Ya 800 hupenya zaidi. Nusu mita kutoka ukutani hadi dirishani inaweza kubadilisha namba hiyo kuliko kubadilisha kifaa, na ni bure.

Kama dirisha halikusaidia, hapo ndipo antena ya nje inapostahili pesa, na ndipo utajua kama ruta yako ina matundu ya kuichomekea. Huawei B315 ina mawili nyuma, pamoja na milango minne ya waya. TP-Link Archer MR200 ina antena mbili zinazofunguka, na waifai ya masafa mawili, gigahezi 2.4 na 5. Huawei B311 ni ndogo, ina mlango mmoja wa waya na waifai ya 2.4 peke yake. Kwa chumba na sebule inatosha, kwa nyumba ya vyumba vinne itakusumbua. Maifai ya mfukoni ina betri yake na husaidia umeme ukikatika, lakini si kitu cha kuachiwa kwenye chaji mwaka mzima ikihudumia familia: hupata joto, na betri huvimba.

Umeme ndio unaoua ruta nyingi upande huu wa nchi. Kuishi karibu na bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa 1954, au na Bujagali, hakumwondolei mtu wa Walukuba au Mpumudde adha ya umeme kukatika, kwa sababu hitilafu nyingi ziko kwenye nguzo, nyaya na transfoma za mtaani. Shirika la UEDCL lilichukua usambazaji kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025, lakini nyaya ni zilezile. Umeme unapokatika hakuna kinachoharibika. Unaporudi, ukija na mruko, ndipo adapta inapoungua, na siku mbaya ikaondoka na ruta. Zoea kuzima swichi ya ukutani mara tu umeme unapokatika, na uiwashe dakika chache baada ya kurudi. Stabilaiza ndogo au kile kifaa cha kulinda friji hufanya kazi hiyo usipokuwepo nyumbani.

Kuna pia betri ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya ruta, zenye matundu ya volti 5, 9 na 12. Hizi nazipendekeza sana, ila usome namba zake kwa makini. Boksi likisema 10,000 mAh, betri za ndani ni za volti 3.7, kwa hiyo una wati-saa 37. Ruta inayokula wati 8 ingeenda saa nne na nusu kwa karatasi. Tegemea tatu hivi. Geuza ruta usome kibandiko cha chini: kama kimeandika 9V, usiichomeke kwenye tundu la 12V hata kama kichwa cha waya kinaingia. Wenye sola hufanya kosa linalofanana na hilo, la kuiunga ruta ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri. Betri ikiwa inachajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Weka kipunguza volti katikati.

Kwa matumizi ya kawaida ruta haili Yaka ya kutisha. Wati 8 usiku na mchana ni karibu uniti sita kwa mwezi. Ukihesabu uniti kwa shilingi 750 hivi, ni kama 4,500. Kuizima kila usiku kutakuokolea elfu moja na kitu.

Radi ni jambo jingine, na Mbale hulijua. Ngurumo zikianza kushuka kutoka Elgon, chomoa adapta, na kama una antena juu ya paa, chomoa na waya wake. Stabilaiza haizuii radi.

Faiba ina nafuu yake hapo, kwa kuwa nyuzi zenyewe ni kioo na hazipitishi umeme. Adapta bado ni ya kuchomoa. Lakini usidanganyike na faiba inayopita barabarani. Mkongo wa serikali unaosimamiwa na NITA-U umefika Mbale tangu zamani, na kazi yake ya kwanza ni ofisi za umma. Uliza kampuni kama inaingiza waya kwenye mtaa wako, nani anamiliki kifaa cha ukutani, na utalipa nini ukihama. Kama waifai ya kifaa hicho ni dhaifu, usikibadilishe. Chomeka ruta yako ya kawaida kwenye mlango wake wa waya. Hapo hata Archer C6, isiyo na tundu la laini, ni chaguo zuri.

Ruta za 5G ziache kwanza, isipokuwa simu ya 5G imeonyesha mtandao huo ndani ya nyumba yako. MTN na Airtel walizindua 5G Uganda mwaka 2023, lakini uzinduzi haukuweka mnara kwenye kila mtaa. Ruta za mitumba kutoka Ulaya mara nyingi hukubali masafa yetu. Zile zilizotengenezwa kwa mitandao ya Marekani, ziache hata zikiwa mpya ndani ya boksi.

Ukishaamua, weka laini yako mwenyewe ndani ya ruta palepale kaunta, kisha laini ya kampuni ya pili, na uone zote zinashika. Dai risiti iliyoandikwa jina la modeli na namba ya IMEI iliyo kwenye kibandiko, na muda wa kurudisha uandikwe kwa kalamu juu yake. Duka ambalo haliandiki IMEI linaweza kukuambia wiki ijayo kwamba kifaa ulichorudisha si chao.