Je, Wajua? Mvita na Waamuzi wa Majonzi

Je, wajua kuwa katika arusi za Mji wa Kale wa Mvita, yaani Mombasa, mhakiki wa kwanza wa wimbo wa huzuni hakuandika gazetini? Alikuwa mama aliyeinuka na noti mkononi kwenda kumtuza mwimbaji, na akangoja ule ubeti uliomchoma ndipo atoe. Waliokaa walijua papo hapo anayelia ni nani, na fumbo limemwangukia nani.

Je, wajua kuwa mwimbaji wa taarab Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki Aprili 2014, alisifiwa na kulaumiwa kwa jambo lile lile? Mahadhi yake mengi yalitoka kwenye filamu za Kihindi. Wapenzi wa taarab ya udi wakasema anaiga. Wapenzi wake wakanunua kanda. Mimi niko na wanunuzi: maneno ya nyimbo zake nyingi yalitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, mwenye *Malenga wa Mvita* (1971), na kwa Kimvita cha namna ile, nani atauliza habari za Bombay?

Je, wajua kuwa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na fundi wa udi, alikuwa na albamu, *The Style of Mombasa*, iliyotolewa London na lebo ya GlobeStyle mwaka 1990? Wengi walioinunua Ulaya waliisikia mikono yake tu, mafumbo yaliwapita. Hiyo ni nusu ya Zein.

Je, wajua kuwa sahani nyingi za taarab ya Mombasa zilitoka kwa lebo ya Mzuri, mali ya duka la Assanand & Sons mjini humo? Wafaransa wa Buda Musique walipokusanya taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975 katika mfululizo wa *Zanzibara*, waliuita muongo huo enzi ya dhahabu.

Je, wajua kuwa mwimbaji Jim Reeves wa Texas, aliyekufa kwa ajali ya ndege 1964, bado ana wapenzi tele Kenya? Sauti ya upole yenye msiba ndani: Mombasa haikuwa ngeni kwa hilo.

Je, wajua kuwa diwani yenye majonzi kuliko zote za Mvita ilitungwa kifungoni? Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Kuze 1946, ndugu yake Ahmad Nassir, alifungwa miaka mitatu kwa kijikaratasi *Kenya: Twendapi?* cha 1968. Akiwa peke yake selini aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa 1973 kwa jina *Sauti ya Dhiki*, na mwaka uliofuata wahakiki wakayapa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Abdilatif wakati huo alikuwa keshahamia Dar es Salaam.